Kutikisa Finjani

Mabela, siku ya pili ya matanga.
Viatu vya wanawake vimejaa toka mlangoni hadi kwenye gari la marehemu,
mashine ya baridi inakoroma,
na mimi ndiye niliyepewa dele.
Dele kushoto, finjani kulia. Namimina, nangoja.
Mgeni akiitikisa finjani najua: basi, ametosheka,
naipokea, nahamia kwa mwingine.

Hakuna anayelitaja kwa jina lake.
Wanasema "ajali." Wanasema "moyo." Wanasema "hilo jambo."
Bi Thuwaiba anamwinamia jirani, ushungi mdomoni:
"Masikini Raya. Nani atawaposa binti zake sasa?"
Na mwingine, sauti kama mbuzi ya kukunia nazi:
"Gari analo, kazi ya mafuta anayo. Imani tu ndogo."
"Astaghfirullah, tusiseme."
Wakasema hivyo, wakaendelea kusema.

Sleyum alikuwa na miaka ishirini na tisa.
Akicheka hufunika mdomo, meno ya mbele yamepandana.
Tangu Shaabani hakuja tena kula Ijumaa;
tukasema ana maringo.
Njiwa wake akawagawia watoto wa jirani, wote, hata yule mweupe;
tukasema amekua.
Sisi, ambao mtoto wetu wa miaka minne
anaijua lugha ya finjani!
Tulimmiminia tu: subiri, soma, oa,
shukuru, wenzako hawana.

Na hapo Raya, ambaye tangu jana hajafungua kinywa,
akasema kwa sauti ya kuagiza chumvi:
"Aliniambia.
Jumatano, nakunja nguo. Mama, nimechoka kuishi.
Nikamwambia nyamaza, watu watasikia."

Kimya. Mashine ya baridi peke yake.
Watu.
Niliwatazama hao watu, wamekaa wameegemea ukuta,
tende mkononi, pete, hina iliyofifia.
Niliwahesabu. Nilijihesabu.

Maana nami nilikuwapo miaka mitatu nyuma,
msiba wa yule binti wa Barka, pembe hii hii ya zulia,
waliposema hana dini, nikasema kweli.
Mwaka haukuisha, mimba yangu ya tatu ikaharibika,
na usiku ukaanza kuniita kwa jina la utotoni.
Nilinyamaza. Nilizijua hukumu zote kwa moyo;
nilikuwa mmoja wa mahakimu.

Wanadhani neno kali ni ukuta wa kisima,
umejengwa mtu asitumbukie.
Mimi niliyekuwa ndani nawaambia:
ukuta ule ule ndio ulioizuia sauti yangu isitoke.
Aliyenisikia ni daktari, msichana mdogo wa Sohar,
aliyeweka kalamu chini akaniuliza wazi:
"Unafikiria kujiua?"
Alilitaja. Dari halikuanguka.
Nililia mpaka akaja mfagiaji na karatasi za pua.

Jikoni, Muzna anaosha finjani.
Ana miaka kumi na saba, mikono mirefu kama ya kaka yake.
Bila kugeuka: "Khala, mtu akifikiria tu,
asifanye, akifikiria tu,
naye wanamsema hivi?"

Maji yanatiririka.
Ningeweza kumwambia soma, mwanangu.
Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.
Nikaufunga mfereji.
"Unafikiria wewe?"
Bega lake likapanda, likashuka.
"Mimi nilifikiria," nikasema. "Mwaka juzi. Usiku mwingi."
Akageuka. Povu linamdondoka viwikoni.

Sebuleni wanaita: "Kahawa huku imekwisha!"
"Inakuja," najibu, na siendi.
Nimevuta stuli mbili, nimeufunga mlango kwa kisigino.
Kesho tutakwenda kwa yule wa Sohar, nitaendesha mimi.
Leo nammiminia, ananiambia kidogo,
nammiminia tena.
Finjani iko mkononi mwake.
Haitikisi.