Saba kwa Kumi

Sanduku lilifika Wakefield siku ya mvua,
kona moja imebonyea. Picha ya juu inavutia:
lori linavuka mto, matope yanaruka,
dereva anacheka kwa meno yote.
Ndani, fremu tisa za plastiki ya kijivu,
vipande mia mbili na kumi na vinne,
karatasi ya nembo nyembamba kama ganda la kitunguu.
Kipimo ni moja kwa thelathini na tano.
Kwa kipimo hicho mimi ningesimama
kimo cha njiti ya kiberiti.

Naandika mapitio haya kwa jarida la klabu,
kurasa nane. Tunakutana Alhamisi
juu ya duka la mazulia.
Mhariri ni Clifford Hepworth. Huhesabu riveti kwa lenzi,
mdomo wazi, kama anayechambua mchele wa wageni.
Aliniambia: andika ulichokiona. Usitunge.

Basi.
Tairi zina kashata nzuri, zimeungana bila mwanya.
Chasisi imenyooka. Springi ni dhaifu,
nilivunja moja, nikaiunga kwa gundi na matusi.
Turubai limechongwa na mtu aliyewahi kukunja turubai.
Mlango wa kushoto haukai: piga msasa,
puliza, jaribu, piga tena.

Maelezo ya rangi yana namba kwa kila kitu,
namba ya kutu, namba ya vumbi,
namba ya ngozi. Moja tu.
Nikachanganya yangu: kahawia, tone la nyekundu,
nyeusi kwa ncha ya kijiti cha meno,
nikawa nalijaribu kwenye kiwiko changu chini ya taa
mpaka tone likapotea, nisijue lilikuwa wapi.

Sasa kasoro.
Hatua ya kumi na moja, kifuniko cha injini,
kati ya dereva na utingo.
Wamekifanya bapa, kimekaa chini, mbali na mguu.
Si kweli. Kilikuwa juu,
na bati lake lilimwinamia dereva.

Clifford akaandika pembeni, kwa penseli: Chanzo?

Chanzo ni paja la babu yangu.
Lugendo wa Kilosa, dereva wa Keya, Bama.
Paja la kushoto, upande wa nje wa goti kwenda juu,
kovu lenye ukingo ulionyooka kama rula
na kona moja ya mviringo.
Picha ya lori hatuna. Hakuna aliyempiga.
Nikiwa na miaka sita aliniruhusu nilipime:
shibiri yangu moja na vidole viwili.
Alisema barabara ile ilikuwa uji.
Alisema klachi iko mguu wa kushoto,
ukiukwepesha mguu injini inazima,
na nyuma kulikuwa na watu kumi na wanane
waliolala chali.
Halafu akauliza kama chai imeiva.

Jumapili nilimwita Nasra, naye ana sita sasa,
aweke kiganja mezani, vidole avitanue.
Nikapima. Nikaongeza vidole viwili.
Nikagawanya kwa thelathini na tano:
milimita nne na ushei.
Nikakata bati la kopo la soda kwa kipimo hicho,
nikalipinda, nikalibandika palipostahili,
goti la dereva likaligusa.
Nasra aliuliza kama anaumia.
Nilimwambia gundi bado mbichi, usishike.

Alhamisi Clifford aliinama na lenzi yake.
Alikaa humo ndani ya kabini muda mrefu,
nikasikia mvua ikihama kutoka paa hadi mfereji.
Kisha akatafuta kifutio,
akafuta ile alama ya kuuliza,
neno akaliacha.

Saba kwa kumi.
Mlango wa kushoto, msisahau msasa.
Kifuniko cha injini mtajitengenezea;
kipimo nimeshawapa.