Kuazima

Mwalimu Mwaipaja alipiga mstari ubaoni,
huku lend, huku borrow:
huyu anatoa, yule anapokea,
Mwingereza hachanganyi.
Mvua ya Tukuyu ilipiga mabati
hata nusu ya somo hatukuisikia.

Niliandika sentensi nne. Nikakosa nne.

Kwetu Katumba neno ni moja.
Mama husimama kwenye ua wa michongoma:
"Mama Tupokigwe, niazime mwavuli!"
Mwavuli ukivuka, wawili hao wameazima,
mwenye kutoa na mwenye kupewa.
Nani kampa nani, uulize wenyewe,
wenye ubavu mmoja uliovunjika
ukafungwa kwa uzi wa kiroba.
Umekwenda kuchuma chai,
umekwenda zahanati, umekwenda msibani Masoko
ukarudi na matope ya watu.
Hata rangi yake tunabishana.
Sisi twasema ulikuwa bluu. Wao, kijani.

Mwezi wa nne Mama Tupokigwe kahamia Chunya kwa mwanawe,
kule mawingu hupita bila kusalimia.
Kaaga kuku, kaaga mgomba,
la mwavuli hakulisema.
Nao unaning'inia nyuma ya mlango wetu,
unachuruzika.

Nikatoa daftari la kidato cha pili.
Mama, ulikuwa wetu tukamwazima,
au wake akatuazima?

Akanitazama
kama niliyeuliza mvua ni ya nani.
"Vaa kandambili," akasema,
"upeleke kwa Bibi Kissa, ana kliniki kesho.
Ameazima."