Ubao wa Kumi na Tisa

Fomu ya Mwalimu Chidawali ina safu nne:
urefu, upana, malighafi, hali.
Tumeshuka kutoka kilimani chuoni, mimi na Yaledi,
utepe wa kupimia begani,
vumbi jekundu likitutangulia kama mwenyeji.

Kivuko cha kwanza ni mataruma ya reli,
meusi bado, yananuka lami jua likiwaka.
Mita tisa na nusu.
Chini hakuna maji. Kuna mchanga, nyayo za mbuzi,
na kisima cha mtu, kimefunikwa kwa ungo uliotoboka.
"Siku nne kwa mwaka," anasema mama wa karanga,
"siku nne tu tunalihitaji daraja.
Nyingine zote tunapita chini, kwenye kivuli."
Yaledi anaandika: nzuri.

Cha pili kimesusiwa na korongo lenyewe.
Mwaka wa mvua kubwa maji yalihama,
yakajikatia njia nyuma ya zahanati,
likabaki daraja juu ya shamba la uwele
likivusha kuku.
Tulipita juu yake hata hivyo.
Heshima ni heshima.

Cha tatu, nje ya Ng'ong'ona, ni cha mbao.
Kila kaya ilitoa ubao mmoja,
kila ubao jina, limechomwa kwa msumari wa moto:
Masinga. Lusito. Nyemo na mkewe.
Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kumi na saba, kumi na nane,
nikanyamaza.

Ubao wa kumi na tisa hauna jina.
Una mistari miwili na nusuduara,
alama ya ng'ombe wetu, ya paja la kushoto,
ile ile bibi aliyoichora kwenye kadi ya kliniki
walipomwambia aweke sahihi.

Hakuwahi kunisimulia.
Nilipopata chuo alisema tu, "Utapita palepale,"
nami nikadhani ni baraka za kawaida,
nikaitikia huku natafuta chaji ya simu.

"Vipi, umepoteza hesabu?"
Nasema ndiyo. Tunaanza upya.
Navua viatu bila kueleza.
Ubao una joto,
umelika katikati kama mwiko wa zamani.

Urefu: mita kumi na moja.
Upana: mtu mmoja na mzigo wake.
Malighafi: mninga, mkwaju, chochote kilichokuwepo.
Hali...
Yaledi anasubiri, kalamu hewani.

Kinapitika, nasema.
Andika, kinapitika.