Jiwe Ninalo

Bwana Mhandisi, hii ni barua ya tatu.
Mbili za kwanza mlizigonga muhuri,
nikarudi nyumbani nimebeba wino.

Jiwe ninalo. Nimelifunga katika leso ya marehemu Wambede,
mwenye gari, aliyeilipia Korona ile
kwa magunia ya kahawa, misimu minne.
Lilirushwa na roli lenu pale Namakwekwe,
Jumanne, lami ikiwa bado inafuka,
na kijana wenu mwenye bendera mbili
alikuwa amenipungia ya kijani: pita, mama.

Karani wenu aliliweka juu ya meza,
akaligeuzageuza kama mnunuzi wa viazi.
"Tutajuaje ni letu?"
Nyuma yake, dirishani, kilima cha kokoto,
ndugu wa jiwe hili, rangi moja, baba mmoja.

Nimeleta picha. Nimeleta risiti ya fundi
na barua ya mwenyekiti wa kijiji.
Sasa mnataka shahidi aliyeona.
Kijana wa bendera kahamishiwa Kumi;
jina lake sikuuliza, nilikuwa nakung'uta vigae mapajani.

Barabara ni nzuri, sikatai.
Juzi mmeizindua kwa tarumbeta na soda.
Mimi huipita taratibu, kiganja kwenye ufa
kana kwamba utaona huruma usiendelee,
na mlima Wanale, tangu siku ile,
nauona vipande viwili.

Laki nne na elfu themanini, Bwana Mhandisi.
Mlima sijauwekea bei.