Saa Nne ya Kifundo

Pedali mbili nimezinunua kwa Rodel, Wadi Kabir,
juu ya duka la matairi,
rangi zimechubuka, moja betri imevujia ndani,
riali thelathini na tano, baada ya kuapa mara tatu
kwamba mimi si mtalii.

Moja ni ya mwangwi: unaipa noti,
inakurudishia baadaye, kama mdaiwa mwaminifu.
Ya pili ni ya mvumo. Hii hairudishi kitu;
inakujengea chumba, kwa ukubwa uutakao,
ukapige humo.

Mchana niko Barka, kwenye mtambo wa kuitoa bahari chumvi.
Valvu nazijua. Robo ya mzunguko
yatosha kuunyima mji maji.
Basi nilirudi nyumbani na kiburi cha fundi.

Na nyumba yetu ya Mawaleh ni marumaru tupu:
sakafu, ngazi, mpaka kizingiti;
kijiko kikianguka jikoni, sebuleni watu wanasema bismillahi.
Humo nikamwaga mvumo juu ya mvumo.
Nikapiga kodi nne za haraka, zile zenye saba na tisa tumboni,
ya kwanza haijatoka mlangoni, ya pili imeshaingia,
ya tatu imezikanyaga zote mbili,
ya nne sikuisikia.
Uji.

Mama akapita na kikapu cha nguo:
"Mundhir, mbona gitaa lako liko chooni?"

Anselmo wa besi, Mgoa wa Ruwi,
akanisomea dawa kwenye simu:
mwangwi utangulie, mvumo ufuate;
mwangwi ujibu mara moja, ukizidi sana mbili,
na ujibu kwa chini, kama mtu anayekusahihisha mbele ya wageni;
upunguze ukali, usilie kama sarafu;
na mvumo, weka kumi. Kumi ya saa.

Mikono yangu yote ilikuwa kwenye nyuzi.
"Mama, nisaidie. Kile kifundo cha kushoto. Saa kumi."

Mama ana miaka arobaini na saba Maskati
na saa yake bado iko Wete.
Akashika goti, akainama,
akakizungusha kifundo, polepole, mpaka alasiri.

Nikapiga kodi moja.
Kuta zikaondoka.

"Mama! Nilisema kumi!"
"Na hii ni nini?" Kidole chake juu ya mshale,
chini kulia, pale ambapo kila saa ya ukutani imeandikwa nne.
"Kumi hiyo. Adhana ya alasiri imeshapita."

Nikanyosha mguu niizime. Akaushika,
kifundo kwa kifundo.
"Ngoja. Haijamaliza."

Tukangoja.
Haikuwa jazi, wala kitu cha kupigia watu wanaokula.
Friji ikanyamaza, tukaisikia tena,
nyembamba, imefika juu ya ngazi,
inatafuta mlango wa paa.
Halafu hamna.
Mama akachukua kikapu chake, akaenda kuanua.

Baada ya isha nikakaa peke yangu sakafuni.
Mwangwi: mara moja tu.
(Kutoka jikoni: "Mtu mzima akishasema, amesema.")
Muda wake nikauchukua kwenye matone ya kiyoyozi,
yanavyodondoka ndooni, nikauchelewesha kidogo,
maana tone halina swingi.
Mvumo nikaurudisha nyuma, na nyuma tena,
mpaka ukawa haupo,
na nilipoizima pedali ndipo nikajua ulikuwepo:
gitaa limevuliwa shati.
Hapo. Nikabandika plasta, nikaandika namba.
Na chini kulia nikatia nukta moja, bila namba.

Alhamisi, hotelini Qurum, wageni wako kwenye supu,
Anselmo anainama na tochi ya simu.
"Mshale uko kumi, sawasawa.
Mbona umeandika nne?"

Moja, mbili,
moja, mbili, tatu...