Droo ya Pili

Miaka thelathini na moja nimepiga hatimkato
katika mahakama ya kaunti ya Tolliver, magharibi ya mto Missouri,
ambako radieta hukohoa tangu Oktoba
na mawakili husimama na makoti mabegani.
Vidole vyangu havina maoni. Ndiyo kazi.

Siku ile aliitwa Ludmila Havranek,
mke wa mpima nafaka.
Naibu wa sherifu alikuwa akitafuta redio ya wizi
kwa jirani, akakosea mlango,
akafungua alichofungua.
Nyumba njema si mlango, walisema waliotutangulia;
hawakuuona mlango umelala sakafuni,
bawaba zikining'inia kama jino la mtoto.

Droo ya pili ya kabati la nguo.
Kitu cha daktari, cha mpira, ndani ya kijisanduku cha bati,
na sheria ya babu wa babu zetu ikikikataza.
Wakulima tisini waliipigia kura;
ndevu zao zingali ukutani, kwenye ngazi za bunge la jimbo.
Kila kikao waheshimiwa hufika kifungu hicho,
hukohoa, hugeuza ukurasa.

Wakili wake akasema: faragha.
Mwendesha mashtaka akasema: nionyesheni neno hilo
katika katiba. Mstari gani? Nalitafuta tangu jana.
Jaji Ostrander akavua miwani.
Sheria hii, akasema, ni ya kipumbavu.
(Nikaandika: ya kipumbavu.)
Lakini nikiifuta kwa kuwa naiona ya kipumbavu,
kesho mwenzangu ataifuta ya busara
kwa kalamu hiihii.
Walioitunga walichaguliwa. Waifute wao.

Kisha kimya. Sekunde arobaini, nilizihesabu;
kimya hakina alama katika hatimkato.
Akasema: Na huyu mama asubiri mpaka lini?
Sikujua kama ni la kuandikwa.
Nikaliandika.

Kumbe gumu halikuwa hilo.
Ili aitetee siri, ilimbidi aitoe.
Rangi ya kijisanduku. Mara ngapi kwa mwezi.
Mimba iliyoharibika, na ile ya pili.
Kama mumewe alijua.
Alijibu akiitazama mikono yangu,
si jaji, si wakili, mikono yangu,
kama mgonjwa anayemwona fundi akipima sanda.

Ostrander akamtia hatiani, akamtoza dola moja,
kisha akaandika kurasa arobaini
akiwasihi wakubwa wake wamkosoe.
Sijapata kuona hukumu inayojililia hivyo.
Februari wakamkosoa: wanne kwa watatu.
Sheria ikaanguka na theluji.
Waheshimiwa, walewale wa kukohoa,
wakapiga meza: nani kawapa majaji rungu letu?
Swali si baya. Ningependa tu
wangeliuliza wakiwa wamekwisha kusoma ukurasa ule.

Dola yake ilirudishwa kwa bahasha.
Ushahidi haurudishwi.
Jalada namba 4106, rafu ya chini, senti thelathini
kwa yeyote anayetaka kulisoma,
na wanakuja: wanafunzi, wadadisi,
mmoja mwenye kofia mkononi aliyetaka kujua
kama kweli imeandikwa hadi rangi.

Imeandikwa. Niliiandika mimi.
Nikamwambia chumba kinafungwa saa kumi,
nayo ilikuwa saa tisa na robo.

Rangi yenyewe naijua.
Hapa siisemi.