Yai la Thelathini na Moja

Õie, ile nyumba isiyo na mlango
leo nimeitoboa dirisha.
Yai la thelathini na moja, siku ya tatu ya kuatamiwa,
na mtetea wake ni sanduku la umeme
linalonguruma kama friji ya mama.
Nje Tartu imeganda, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri;
humu ndani ni thelathini na nane, joto la chini ya bawa.

Mkasi, utepe, kisha hadubini:
kiinitete kimejikunja kama sikio,
moyo unapiga, haujajua unampigia nani,
na mgongoni mfereji mwembamba
uliovimba kidogo upande wa mbele.
Uvimbe huo ndio utakaokuwa ubongo.
Kwa sasa ni ukuta tu wa seli, bega kwa bega,
zote zimebeba maandishi yaleyale,
herufi kwa herufi, kama mimi na wewe.

Profesa Raag hupenda kuwauliza wageni, kikombe mkononi:
kama kitabu ni kimoja,
nani huiambia hii iwe neva na ile ingoje?
Jibu nalijua kwa mikono kuliko kwa mdomo.
Hakuna anayeamrisha. Ni jirani na jirani.
Seli mbili zinagusana, zinanong'onezana
neno moja: ngoja. Ngoja. Ngoja wewe.
Mwanzoni sauti ziko sawa.
Kisha moja, kwa bahati tu, kwa chembe ya protini,
inasema kwa nguvu zaidi,
na mwenzake anayeisikia hupunguza yake,
na kadiri anavyonyamaza ndivyo wa kwanza anavyopaza,
hadi tofauti ya unywele inakuwa bonde.
Msemaji huondoka ukutani. Huwa neva,
hurefusha mkono gizani, wala hazai tena maishani.

Aliyenyamaza hubaki.

Unakikumbuka kituo cha basi cha Rõuge,
saa kumi na mbili na dakika kumi, Agosti,
masanduku mawili, na viazi bado havijachimbwa?
Nilisema, "Mimi natangulia."
Nilisema mara moja tu.
Nawe ulikuwa umefungua mdomo.

Miaka ishirini na sita sijakuuliza ulitaka kusema nini.

Sasa sikiliza jaribio linaloninyima usingizi.
Wiki iliyopita tulitia dawa ya kuziba masikio ya seli.
"Ngoja" ilisemwa, haikusikika.
Kila moja ikadhani ndiyo iliyoitwa,
zikaondoka karibu zote, siku moja,
neva tele, ziking'aa kijani chini ya taa,
na Kaupo, mwanafunzi wetu, akapiga makofi.
Siku mbili baadaye hapakuwa na cha kuongeza.
Ukuta ulikuwa umekwisha.
Ubongo mdogo, mdogo mno,
umejaa wakubwa wasio na wadogo,
kama shule yetu: kengele ipo, haina wa kumwita.
Niliandika daftarini: hakuna aliyebaki.
Kalamu ikasimama hapo.

Profesa anasema seli si watu, na hakukosea.
Seli haichagui, haina kinyongo, haiandiki barua
kisha kuiacha mfukoni mwa koti.
Lakini wewe una watoto wanne, na ng'ombe kumi na mmoja,
na mama, ambaye siku hizi huniita kwa jina lako;
nami nina dirisha la sentimita moja,
na mkono mrefu unaofika kwenu kwa simu, Jumapili,
kama mtandao haujakatika.

Nimeliziba yai kwa utepe. Hili halikutiwa dawa,
ni la kulinganishia: liachwe lilivyo.
Kesho kutwa nitalifungua nihesabu,
walioondoka kwa kijani, waliobaki kwa nyekundu,
na nyekundu, nakuambia mapema, ndiyo huchukua muda,
kwa sababu ukiinamisha kichwa tu
huwa imeshajigawa.

Nitakuja mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka barabarani.
Usinipikie chochote.
Tukae jikoni, na safari hii uanze wewe.